Mbegu Moja Ndani ya Tunda

Shangazi yangu alifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha mimea mikavu, na sijapata kuona mtu msumbufu kama yeye. Mtu akileta jani na kuuliza ni la mmea gani, anarudishwa akalete ua. Akija na ua, anatumwa tunda. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kazi yangu kubandika mimea kwenye karatasi ngumu na kuandika vibandiko, na lawama za wateja nilizila mimi pale mlangoni. Mtaani walimwita Mama Majani. Alijua, na wala hakujali.

Asubuhi moja alikuja seremala wa mtaa wa pili. Mkewe alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na tangu hapo alikuwa amekonda hadi shati ndilo lililomvaa yeye. Alifungua leso juu ya meza yetu. Ndani mlikuwa na jani, ua, na vitunda vitano vyeusi, kila kimoja kama punje ya njegere.

"Dada, ni mmea mtambaa umeota kwenye dirisha la chumba alichofia mke wangu," alisema. "Sikuupanda. Na kila nikiamka nakuta hivi vitunda kwenye ukingo wa dirisha, kwa ndani, vimepangwa mstari."

"Dirisha unafunga?"

"Nafunga na komeo."

"Umevila?"

"Bado. Nasubiri uniambie kama vinaliwa. Yule hakupenda kabisa nilale njaa. Kama ni chakula, basi ni yeye ananilisha, na nitakula vyote."

Mwili ulinisisimka, mimi ambaye habari za vizuka huwa nazicheka. Hakusema kama mwendawazimu. Alisema kama mtu anayeulizia bei ya mbao.

Jani lilikuwa na vidole vitatu. Ua lilikuwa dogo, la kijani, na katikati lina duara la nyuzi kama kope. Hata kipofu angesema ni karakara ya porini, ndugu yake pasheni, ile yenye vitunda vyeusi vinavyoliwa vikiiva. Nilikuwa nimeshashika kalamu.

"Unaandika nini?" shangazi aliuliza.

"Si vyote vitatu vipo, shangazi?"

Shangazi alinipokonya kalamu. Alichukua wembe akapasua kitunda kimoja. Karakara huwa na mbegu nyingi, zimejaa ute. Hiki kilikuwa na mbegu moja tu, imepinda kama kipande cha kucha iliyokatwa. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Fundi, hivi umechuma wewe?"

"Jani na ua nimechuma mwenyewe, huko nje. Vitunda ndio vile ninavyovikuta."

"Usile kitu. Twende kwako."

Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, viatu vya marehemu vimeelekea mlangoni kama vinataka kutoka. Ilikuwa saa tano mchana, jua kali, lakini mtambaa ulikuwa umefunika kioo chote, na mle ndani sote tulikuwa na nyuso za kijani. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na vitunda saba vya alfajiri ile, fundi hajavigusa; vile vya kwenye leso vilikuwa vya jana yake. Nafasi kati ya kimoja na kingine ilikuwa sawasawa, nami sikutaka kusimama karibu navyo.

Shangazi alitoka nje, akafumba macho. Alishika kishada cha vitunda akaanza kushuka na shina kwa vidole, polepole, hadi chini kwenye udongo. Kisha akashika jani la vidole vitatu, akashuka tena.

"Ni miwili," alisema.

Karakara ilikuwa imeshika ukuta kwa vikamba vyake vidogo vinavyojisokota. Mwenzake hakuwa na vikamba, alijiviringisha mwenyewe kwenye shina la karakara, na majani yake machache yalijificha chini ya yale mengine. Vitunda vyote vilikuwa vya huyo.

"Hii ni sumu, fundi. Ukila vile saba, huamki."

Ningeandika kile kibandiko, mtu yule angekufa kwa mwandiko wangu.

Shangazi alikuwa bado hajamaliza. Alirudi ndani akachunguza vikonyo vya vile vitunda saba. Havikudondoka vyenyewe, wala si ndege. Vilikuwa vimekatwa kwa ukucha. Akaponda kitunda kimoja kwenye karatasi, kikaacha doa la zambarau.

"Nipe mkono wako."

Seremala akatoa mkono wa kulia. Chini ya ukucha wa dole gumba palikuwa na doa.

"Hiyo ni vanishi tu, dada."

Shangazi alichukua kitambaa chenye spiriti kutoka kwenye karakana ya uani, akamsugua. Vanishi ya kiganjani ilitoka. Doa la ukucha lilibaki palepale, na rangi yake ilikuwa ile ile ya kwenye karatasi.

"Unachuma wewe, usingizini," shangazi alimwambia. "Unafungua komeo, unachuma, unafunga. Ni mkono wako."

Seremala aliutazama ule mkono kana kwamba kuna mtu kamwachia amshikie.

"Basi hakuja," alisema.

Nilimwomba Mungu shangazi adanganye mara moja tu maishani mwake.

"Hakuja, fundi."

Seremala alikaa kitandani akalia kwa sauti. Nasi tukaingia kazini, tukakata ule mtambaa wa sumu na kung'oa mzizi wake. Tulipomaliza alikuwa amesimama mlangoni, ametulia, na utulivu wake ulinitisha kuliko kilio.

"Huo mmeukata," alisema. "Sasa nikilala leo, huu mkono utatafuta nini?"

Nyuma yake uani, karakana ilikuwa wazi, patasi zimening'inia ukutani, zimepangwa kwa ukubwa wake. Shangazi alizitungua moja moja akazifunga kwenye kanga, akaniambia mimi nibebe misumeno. Tukaenda naye nyumbani kwetu, akitembea katikati yetu, na njia nzima aliubana mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.