Shokapu ya Shemeji Ogweno

Okomo si mwizi. Nalisema hili mapema kwa sababu yeye mwenyewe amekuwa akijiambia hivyo tangu mwaka uanze, akiwa peke yake kwenye gari, na mtu mwenye roho nyeupe hana haja ya kujikumbusha jambo kama hilo.

Ni Mjaluo wa Rorya aliyekuja Mwanza akiwa kijana, akajenga Mkolani, akaoa kwao, na sasa anabeba dagaa. Asubuhi yuko mwaloni Igombe, mitumbwi inakotua mzigo, akipakia magunia kwenye Probox yake nyeupe mpaka nyuma inainama, kisha anayashusha kwa wateja wake Buzuruga, karibu na stendi. Gari linanuka dagaa, na yeye pia. Kanisani anakaa benchi la mwisho kwa hiari yake, na huko nyuma ndiko kunakosikika vicheko kabla ibada haijaanza, maana Okomo anajua kutania.

Gari lile halikuumbwa kwa mzigo ule. Shokapu ya nyuma, upande wa kulia, ile inayomeza mitikisiko, ikaanza kuvuja. Mafuta yalitambaa juu yake, vumbi likanata, na kila akipita shimo gari lilidunda na kuendelea kudunda hata barabara ikishanyooka.

Akaenda maduka ya spea Mabatini. Mpya zipo, lakini zinauzwa mbili mbili, na bei ya jozi ilikuwa ada ya mtoto. Mpya za bei chee nazo zipo, ila muuzaji mwenyewe alimwambia hizo asizipakie dagaa. Akageukia za mtumba. Ya kwanza aliibonyeza ikabaki chini, haikurudi. Ya pili ilikuwa imepigwa rangi nyeusi, na alipoisugua kwa kidole, rangi ikatoka pamoja na mafuta.

"Hiyo ilivuja, wakaiosha na petroli wakaipaka rangi," Malimi, fundi wake aliyekuwa naye, alimwambia. "Kaka, ukitaka mtumba mzima, tafuta gari lililolala."

Gari lililolala Okomo alikuwa nalo uani kwake.

Lilikuwa la shemeji yake Ogweno, kaka wa mkewe Awuor. Nalo ni Probox, rangi ya fedha. Ogweno alihamishiwa Mtwara kikazi, akaona ni mbali mno kuliendesha, akalifunika turubai na kumkabidhi Okomo ufunguo. Watu hawa wawili hawajawahi kuongea dakika tano bila kutaniana. Ogweno akipiga simu humuuliza shemeji yake ng'ombe waliobaki wa mahari wataletwa lini, au amrudishe dada yake nyumbani. Lakini katika kulitunza gari Okomo hakutania: kila Jumamosi aliliwasha likanguruma, akalifuta vumbi, akalifunika tena.

Malimi aliibadilisha shokapu upesi, nzima ikaja huku, mbovu ikaenda kule chini ya turubai.

"Umemwambia kaka?" Awuor aliuliza.

"Nitamwambia."

Nia yake ilikuwa njema, na hapo ndipo ninapomkasirikia. Alipanga kununua nyingine msimu wa dagaa ukichanganya, airudishe ya watu, asimulie kisa kizima kama kichekesho. Msimu ulichanganya, pesa zikaingia na kutoka. Simu na Ogweno zilikuwa kila wiki. Waliongea mpira, waliongea bei ya mahindi, na lile neno lilifika mdomoni Okomo akalimeza. Mwizi wa kawaida angalau hampigii mwenye mali simu kumuuliza ameamkaje.

Kisha mama yao akina Awuor, mzee Akumu, akaletwa Mwanza kufanyiwa operesheni ya mgongo. Ilikwenda vizuri. Siku ya kumruhusu ilipokaribia, daktari akaonya: asafiri amelala, na asitikiswe. Kutoka lami mpaka kijijini kwao Rorya ni vumbi na makorongo. Ogweno akapiga simu, mara hii bila utani. Anakuja kwa basi, atamchukua mama kwa gari lake mwenyewe, amlaze kiti cha nyuma, amfikishe polepole.

Okomo akaenda uani, akalitazama lile turubai.

"Nitampeleka mimi," alimwambia mkewe. "Nitalisafisha gari, nitatandika godoro."

"Mama alale kwenye kiti cha mkwe wake? Wewe Mjaluo wa wapi?"

Kwa Wajaluo mkwe na mama mkwe hukaa mbali kwa heshima. Wodini kwenyewe, akienda kumjulia hali, husimama mlangoni, na mama mkwe hujifunika kanga na kumjibu akiwa ametazama dirisha. Mwanamke wa namna hiyo angekwenda kwa miguu kwanza.

Basi siku moja kabla ya safari akamwita Malimi nyumbani airudishe shokapu ya watu. Malimi aliichomoa, akaifuta kwa kitambaa, akaitazama, akaifuta tena.

"Imeanza kutoa jasho la mafuta," alisema. "Magunia hayo."

"Itafika Rorya?"

"Kufika itafika. Lakini kule kwenye makorongo sidhani kama itamshikilia mgonjwa. Siyo ile niliyoichomoa mwanzo."

Okomo akakimbia Mabatini. Alichokuwa nacho kilitosha nusu, na moja hawauzi. Akaomba kukopa, akaambiwa arudi na pesa. Akarudi nyumbani mikono mitupu, akamwona Malimi bado ameketi juu ya tairi akisubiri.

"Funga hiyo hiyo, na ile mbovu irudi kwangu," akasema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Ilibaki njia moja, nayo ya bure: kusema. Ogweno angejua, angeazima gari jingine hata la mtu wa kanisani, mama akasafiri salama. Awuor alimwambia wazi, "Mimi naenda na mama, kichwa chake kitakuwa mapajani mwangu. Lakini sisemi. Utasema wewe."

Asubuhi Ogweno akafika, akavuta turubai, akapiga kelele za furaha. "Hata vumbi hamna! Shemeji, wewe ungekuwa benki." Akawasha, injini ikaitika mara moja. Akazunguka akimsifu Okomo kwa majirani, mpaka akafika kwenye lile gari jeupe, akainama karibu na gurudumu la nyuma.

"Sasa hii yako inavuja namna hii, na bado unabeba magunia?"

"Inavuja."

"Na langu limelala hapa siku zote hizo! Si ungechomoa shokapu yangu ukafunga? Ungeniambia tu. Ningekukatalia mimi?"

Okomo akasogea karibu na shemeji yake. Kumbe ilikuwa ni kuomba tu.

"Niliichomoa," akasema. "Niliichomoa, shemeji. Nimeirudisha jana, na imeshachoka. Mama ataumia."

Ogweno alimtazama. Kisha akaangua kicheko akaegemea boneti. "Okomo! Wewe unayenipigia simu kuniuliza uliwashe dakika ngapi? Wewe uchomoe kitu changu? Jamani, huyu mtu ataniua. Na jana nilipokuuliza ng'ombe, ulisema wako njiani!" Majirani nao wakacheka, maana walimjua.

Awuor alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, mito ya mama yake mapajani. Hakucheka. Alimwangalia mumewe, akasubiri.

Ingetosha kusema tena, taratibu, bila tabasamu. Okomo alifungua mdomo aseme. Akamwona Ogweno anafuta machozi ya kicheko, amemnyooshea mkono wa kuagana, amemwamini hivyo. Akaupokea ule mkono na yeye akacheka, akacheka mpaka gari lilipotoka getini kwenda kumchukua mama hospitalini.