Keria ya korosho nusura ituuzishe gari ya marehemu mzee

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naleta kisa changu mwenyewe. Kabla hamjaanza kusema hii chai: gari ipo, imepaki mbele ya kibanda changu hapa Masasi. Mama yupo kijijini Mkunya. Na mjomba niliyebishana naye yu hai na anasoma humu ndani, kwa hiyo nikiongeza chumvi atanisuta mchana kweupe.

Mimi ni fundi baiskeli. Marehemu mzee alituachia gari ndogo ya zamani, ya kabureta, taa za mviringo, mgongo unateremka taratibu mpaka kwenye buti. Ndiyo aliyompelekea mama kanisani, hospitali, mnadani, kote. Mama akisikia mlio wake tu, anatoka ndani na kanga bado hajafunga vizuri.

Sasa mjomba akatangaza iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Sababu yake? Inakunywa mafuta.

Na kwetu kule uwandani, juu mlimani Newala, mjomba wa upande wa mama akishasema, basi limesemwa. Baba unaweza kumbembeleza. Mjomba? Thubutu!

Mbaya zaidi, hakuwa anasingizia. Nilishapima kimyakimya. Nilijaza tenki mpaka mdomoni, nikaenda Newala na kurudi, nikajaza tena sheli ileile. Zikaingia lita kumi na mbili na ushee. Kwa kagari kale! Nikafunga mdomo, sikumwambia mtu.

Mama akanipigia simu: "Baba Neema, kwa hiyo nitakaa hapa naona watu wanaikatakata gari ya baba yako?"

Iliniuma sana, wakuu.

Hapa niwape habari ya huku kwetu. Msimu wa korosho ukifika, mwenye gari anafunga keria ya nondo juu ya paa, anapakia magunia kwenda ghalani. Msimu ukiisha, keria haishuki ng'o! Ukiishusha watu wanasema huyu kafilisika, kauza mikorosho. Ya mzee ilikaa pale juu tangu mimi nasoma sekondari Chidya. Hata tulisahau kama ni kitu kinachotoka.

Siku moja narudi kutoka Nanganga, lami tupu, nikasikia mluzi juu ya kichwa. Mluzi ule ulikuwepo miaka yote, nilidhani ndiyo sauti ya gari. Nikatoa mkono dirishani, upepo ukaurudisha nyuma kwa nguvu.

Nikajiita mjinga kwa sauti, peke yangu barabarani.

Kila siku nawaambia wateja wangu: ukiendesha baiskeli kule Newala na ule upepo wao, inama, bana viwiko, usimpe upepo kifua. Kumbe mimi mwenyewe natembea na kitanda cha nondo kichwani! Aliyechora ile gari alikaa chini akafikiri hewa ipite wapi na itokee wapi. Sisi tukaja tukamjengea uchanja juu yake. Hiyo ndiyo aerodynamics yetu.

Nikaishusha. Bolti zilishika kutu, mbili nilikata kwa msumeno. Nikasafisha kabureta na filta ya hewa, tairi nikazipa upepo unaotakiwa. Halafu nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba. Naomba ipimwe pamoja na gari ya Shaibu. Ikinywa zaidi, nitaipeleka kwa watu wa vyuma mwenyewe."

"Marahaba. Shahidi nani?"

"Wewe. Utakaa mbele na mimi."

Shaibu ni mtoto wake. Ana gari ya kisasa, mpaka vioo vya pembeni vimechongwa kukata hewa. Lakini kaipamba jamani! Ngao ya chuma mbele, tairi pana, taa nne juu, na keria, maana naye ana mikorosho.

Tukajaza sheli moja, mhudumu mmoja, mpaka mdomoni. Safari ileile, Newala na kurudi. Shaibu akanicheka, "Binamu, fundi baiskeli na mambo ya aerodynamics wapi na wapi?" Akaondoka kwa fujo, AC juu.

Mimi mwendo wa wastani, mafuta nakanyaga kwa adabu. Kupanda uwandani polepole. Wakati wa kuteremka mjomba akaja juu: "Weka free, utunze mafuta!" Nikakataa. Mteremko ule ukiweka free unaziachia breki kazi yote, zikichemka umekwisha. Nikaacha gia iishike gari. Alininunia mpaka chini.

Sheli tukamkuta Shaibu keshafika zamani, anakunywa soda.

Yangu ikajazwa kwanza. Lita tisa na kidogo, ikafurika.

Ya Shaibu: tisa... kumi... kumi na mbili... na bado inameza!

Wakuu, nilipiga yowe mpaka bodaboda wakakimbilia wakidhani kuna ajali. Mjomba akaitikisa gari yangu kwa mikono yake ili hewa itoke tenkini, akaamuru waongeze. Halikuingia hata tone la maana. Akasema, "Haya. Haiuzwi."

Nisidanganye lakini. Injini ya Shaibu ni kubwa kuliko yangu, na ya kisasa ni ya kisasa. Akivua yale madude na kutuliza mguu, atanikaribia, pengine anipite. Nilimwambia hivyo. Wiki iliyofuata keria yake ikashuka. Watu wakasema wamefilisika. Mjomba akasema waseme.

Nilichojifunza: kabla hujaita gari mlevi, angalia umeitwika nini. Keria ya mzee sasa ipo Mkunya, mama anaanikia makopa ya muhogo.

Wenye keria juu na mzigo hamna, karibuni mnitukane. Na aliyewahi kupima kama mimi aseme alipata lita ngapi.

Mjomba, ukipita kwenye uzi huu, shikamoo. Jumapili nakupitia twende Newala. Utakaa nyuma, kiti cha mbele ni cha mama.