Saa Isomwayo kwa Kidole

Siku baba alipoadhini alasiri kabla ya wakati wake, mimi nilikuwa uani kwetu Likoni, naanika nguo. Sauti ilitoka kwenye kipaza sauti cha msikiti wetu mdogo, tulivu kama siku zote. Nikatazama saa yangu: saa nane na nusu. Alasiri msimu ule ilikuwa ikiingia saa tisa na nusu. Nikaiweka saa sikioni nikidhani imesimama. Haikuwa imesimama. Misikiti mingine yote ilikuwa kimya.

Jirani akaniita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Mwalimu! Kuna nini leo? Kuna msiba?"

"Sijui, dada," nikamjibu, lakini moyoni nilijua.

Baba alirudi ameshikwa mkono na mzee mwenzake. Aliketi barazani, akaifungua saa yake ya mkono, akanitilia kiganjani.

"Chukua, mwanangu. Nilidhani naiona akrabu fupi. Kumbe naikisia."

Hospitali walikuwa wametwambia tangu mwaka uliotangulia kuwa ni presha ya macho, au mato kama alivyoyaita baba, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Baba alisema alhamdulillahi na akaendelea na kazi yake. Njia ya msikitini aliijua kwa miguu, na adhana aliijua kwa moyo. Kilichobaki kutegemea jicho kilikuwa kitu kimoja tu, saa. Na huko ndiko alikoangukia.

Kesho yake imamu alikuja kumjulia hali. Alikuwa mtu mpole, akachagua maneno yake kama mtu achaguaye mchele.

"Maalim, hakuna anayekutoa. Hata Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na muadhini kipofu. Watu wakimwambia kumekucha, naye huadhini. Sisi pia tutaweka mtu wa kukwambia. Au usubiri msikiti wa pili waanze, nawe ufuate."

Baba akatabasamu kidogo. "Muadhini wa kufuata wenziwe ni mwangwi, sheikh. Nipe muda nifikiri."

Imamu alipoondoka baba akaniambia hataki kuwa mzigo wa mtu kusimama naye mara tano kwa siku, na kwamba pengine ni wakati wa kuacha. Alilisema polepole, uso kaugeuzia ukuta. Nilimtajia redio, itangazayo saa. "Redio haivaliki," akasema. Akaingia ndani kulala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Hapa inanipasa niseme mimi mwenyewe nilivyokuwa na wazimu wa saa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu usichana sikupenda zile saa za kike ndogo kama punje ya mtama. Nilivaa saa ya kiume, ya kutia ufunguo, na watu sokoni walikuwa wakiniuliza kama nimemwibia mume wangu. Miaka ile ya themanini saa za betri zilikuwa zimeingia kwa wingi, za plastiki, zenye tarakimu zinazowaka, na watu walizitupa zao za zamani kama walivyotupa vibatari. Sisi wachache tulikuwa tukiziokota.

Tulikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa baharia mstaafu wa Changamwe, aliyekuwa fundi wa mitambo melini, na nyumbani kwake ndiko tulikokutana Jumapili. Wa pili alikuwa mtengeneza meno ya bandia, anaishi Mishomoroni, mtu mwembamba mwenye vidole vya kike. Mimi nilikuwa wa tatu, na ndimi niliyevuka kivuko kuwafuata. Mezani palitandikwa kitambaa cheupe ili skrubu ikianguka ionekane, na mke wa baharia alipiga marufuku kachiri za viazi karibu na meza, kwa sababu ya mafuta.

Hapo ndipo nilipofundishwa kuichagua saa. Kwanza usikilize: mlio uwe sawasawa, usiwe wa kuchechemea. Kisha uigeuze mgongo utafute mikwaruzo, maana mikwaruzo mingi ni mafundi wengi, na mafundi wengi ni taabu. Halafu uitie ufunguo taratibu uisikie kamani, ile springi ya ndani, ikijikunja, laini au inakwaruza. Bei uulize mwisho.

Wale wawili hawakuisha ugomvi. Baharia aliamini saa haibadilishwi. Ikiharibika akrabu, utafute akrabu ya saa ileile hata ikikuchukua mwaka. Mwenziwe aliona saa ni kama kinywa, ukikosa jino la asili unachonga jingine. Alikuwa ametia saa yake uso wa saa nyingine na mkanda wa turubai, na baharia kila akiiona alifumba macho.

Jumapili iliyofuata niliwaeleza habari ya baba. Kisha mtengeneza meno akasema, "Mzee vidole vyake vizima?"

"Vizima. Anachambua mchele vizuri kuliko mimi."

"Basi tuondoe kioo. Aisome kwa kidole."

Baharia akaguna, lakini hakukataa. Akapendekeza saa ya mfukoni yenye kifuniko, kubwa, rahisi kushika. Nilipompelekea baba wazo hilo alilikataa papo hapo. Akiadhini mikono yake yote huwa masikioni, na kanzu yake ya kila siku haikuwa na mfuko wa kuaminika. Alitaka ya mkononi.

Tulianza na saa yangu moja ya akiba. Mtengeneza meno akatoa kioo, akang'oa akrabu ya sekunde isije ikanasa kidoleni, akatia vidonge vidogo mahali pa kila tarakimu ya saa, ili kidole kijue kiko wapi. Nikamvisha baba. Siku ya kwanza alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Siku ya pili akaniita.

"Mwanangu, saa hini inanidanganya. Kila nikiigusa inakwenda."

Ilikuwa kweli. Akrabu zilikuwa nyembamba kama sindano, na kidole chake kilipozipapasa kilizisukuma. Alitafuta wakati, akaupoteza kwa kuutafuta. Na kabla ya wiki kwisha, vumbi na hewa ya chumvi vikaingia ndani na saa ikasimama kabisa. Baba akanirudishia bila lawama, na kutolaumu kwake kukaniuma zaidi.

Nilirudi Changamwe na ile saa imefungwa kwenye leso. Tuliifungua. Ndani mlikuwa na kutu tayari. Mtengeneza meno akasema inahitajika saa kubwa, yenye akrabu pana na nene, na mtambo wa nguvu. Akataja aina yake. Kisha akatazama chini, maana sote watatu tulijua saa ya namna hiyo ilikuwa wapi.

Baharia alikuwa nayo kabatini. Aliinunua katika safari yake ya kwanza, bandari ya mbali, akiwa kijana. Uso wake ulikuwa mpana, mweupe kama kigae cha kaure, na akrabu zake za buluu zilikuwa pana kama majani ya mkunazi. Haikuwahi kubadilishwa hata skrubu. Sisi tuliruhusiwa kuitazama, si kuigusa.

Akainuka, akaingia chumbani. Akakawia. Tulisikia mkewe akimwuliza jambo, naye akimjibu kwa sauti ya chini. Aliporudi akaiweka juu ya kitambaa cheupe.

"Ikate," akamwambia mtengeneza meno.

"Bwana, una hakika?"

"Mimi huivaa lini? Hukaa gizani mwaka mzima. Ikate kabla sijageuza nia."

Nikachukua birika nikawamiminia chai, ndiyo shukrani pekee niliyoiweza.

Kazi ile iliendelea kwa majuma. Baharia mwenyewe ndiye aliyeukaza mtambo: akatoa kile kibomba kinachoshika akrabu ya dakika, akakibana kwa hesabu, kiwe kizito kusukumwa na kidole lakini chepesi kwa mtambo kukizungusha. Alikibana mara nyingi, mara kimekaza mno saa inasimama, mara kimelegea. Mtengeneza meno akaunda kifuniko cha kufunga na kufungua juu ya uso, na bawaba yake akaitoa kwenye waya wa chuma ushikao meno ya bandia. Chini ya kifuniko akazungusha utepe wa mpira kuzuia vumbi na chumvi. Mimi niliujaribu uso kwa macho yaliyofumbwa, nikawa nawaambia kidonge kipi kimepotoka, kipi kinakwaruza.

Vidonge viliwatia kwenye ugomvi wao wa mwisho. Baharia alitaka vya fedha, kwa heshima ya saa. Mtengeneza meno akasema fedha itateleza. Akatumia ile nyenzo anayofanyia fizi, maana anaijua inavyoshika. Ilishika kweli. Lakini rangi yake ilikuwa rangi ya ufizi, waridi inayong'aa. Saa ile tukufu ikawa na duara la fizi ndogondogo, na juu, mahali pa saa sita, fizi mbili zilizopandana. Baharia akaitazama muda mrefu.

"Imeota kinywa," akasema. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka mkewe akaja kuchungulia.

Niliivusha kivuko nimeifumbata mkononi. Baba nilimkuta barazani. Nikamvisha, nikamwonyesha kifuniko kinavyofunguka. Akapapasa. Kidole chake cha shahada kilizunguka polepole, kikasimama kwenye akrabu fupi, kikaenda kwenye ndefu. Nilijizuia kumsaidia.

"Saa kumi na robo," akasema. "Kasoro kidogo."

"Kweli, baba. Kumi na robo, kasoro kidogo."

Akaigusa tena, kwa nguvu, kama anayeijaribu. Haikusogea.

"Vidonge hivi ni vya nini? Vina joto, si kama chuma."

Nikamwambia ukweli: fizi za bandia. Baba akaficha uso kwa kiganja. Nikaogopa ataona ni dharau kwa kazi yake. Kumbe alikuwa akijizuia.

"Basi mato yangu yameota meno," akasema, na kicheko chake kikasikika mpaka kwa jirani.

Alijizoeza kabla ya kurudi. Nilimwuliza saa nikiwa jikoni, nikiwa uani, nikitoka shule, naye akinijibu, na mara nyingine akinisahihisha mimi. Kisha siku moja ya kawaida, si Ijumaa, akaoga, akavaa kanzu, akatoka na fimbo yake peke yake. Nilisimama uani na saa yangu mkononi. Adhuhuri ilikuwa inaingia saa sita na nusu. Akrabu yangu ilipofika nusu, kipaza sauti kikakohoa na sauti ya baba ikapanda, na nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, misikiti ya jirani nayo ikaanza. Nilikaa chini kwenye beseni la nguo nikalia kwa furaha.

Baada ya hapo imamu hakuleta tena habari ya mtu wa kumwambia. Habari ikaenea zaidi ya tulivyotazamia. Wenzangu wale walianza kuletewa watu, wengine kutoka mbali, na baharia yule asiyetaka skrubu ibadilishwe akawa ndiye anayetafuta saa za kukatwa. Alikuwa mkali wa kuchagua. Akrabu nyembamba aliirudisha bila hata kuifungua.

Mmoja wa waliokuja alikuwa mkata mawe wa Mwakirunge, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, aliyerukiwa na vipande vya jiwe machoni machimboni. Mkewe ndiye aliyemleta. Yeye mwenyewe hakutaka kuja, na barazani kwetu, alikoletwa ajifunze kwa baba, alikaa kama mtu anayesubiri kuondoka. Tulipomvisha saa aliipapasa mara moja akasema haiwezekani, vidole vyake ni vya nyundo, havisikii kitu.

Baba akamshika mkono. "Vyangu vilikuwa vya kuvuta kamba za kisima. Sogea hapa karibu. Usibonyeze. Pitisha tu, kama umgusavyo mtoto aliyelala."

Kijana yule akajaribu, akakosa. Akajaribu tena, akakosa, akatukana kwa Kigiriama, kisha akaomba radhi. Baba akamwambia yeye hakusikia kitu. Mkewe alikuwa anamnyonyesha mtoto. Mimi nikaingia ndani kupika, nikawaacha.

Niliporudi na sinia, kijana alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza, kidole kikitembea taratibu juu ya uso wa saa.

"Kumi na moja kasoro kumi," akasema.

Mkewe akanitazama. Nikainua saa yangu, nikaitika kwa kichwa.

"Basi tule upesi," kijana akamwambia mkewe, akinyoosha mkono kulitafuta sinia, "tusije tukachelewa gari."