Sikio Halikupakwa Piko

"Wewe uliyesoma, hebu niambie. Kama mimi ni mzima, mbona siwezi kumaliza maneno?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo tukiwa kwenye benchi la dispensari, akikatiza kuvuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu. Nilikuwa na digrii ya uchumi na mdomo usiolala, lakini udaktari sikuusomea.

Alikuwa ametoka kumuoza binti yake, na kwetu Msambweni mama wa bibi arusi hupambwa naye. Viganja vyake vilikuwa vyekundu kwa hina, na piko, ile rangi nyeusi, ilifunika ncha za vidole vyote, vya mikono na vya miguu, kucha na kila kitu. Homa ilimshika katikati ya arusi akaificha, wageni wasije wakasema. Walipoondoka, hata kutoka chumbani hadi uani hakuweza bila kushika ukuta.

Muuguzi, kijana wa bara, alimpima presha juu ya mkono wa buibui. Kisha akambana kidole kwa kile kifaa kidogo mfano wa kibanio cha nguo, kinachopima hewa iliyomo kwenye damu. Hakikuonyesha kitu. Akajaribu kidole kingine, na kingine.

"Mama, hii rangi yako inasumbua mashine. Umekuja hospitali ama umekuja arusi?"

"Arusi... imekwisha," mama mdogo akamjibu. "Nawe... hukualikwa."

Benchi zima likacheka. Muuguzi hakucheka. Alinipa pamba na spiriti nimsugue kucha, nami nikamwambia piko haitoki kwa spiriti, huisha yenyewe ukucha unapokua. Akasema nisugue. Nikasugua mpaka ngozi ikamuwaka na piko ikabaki pale pale. Vidole vya miguu navyo vilikuwa vyeusi. Mwishowe akakibana kifaa kwenye ndewe ya sikio, na hapo kikasoma: tisini na tano.

"Haya, hewa iko sawa. Ni mzima."

"Na pumzi zake?" nikauliza.

"Ishirini."

"Umezihesabu saa ngapi?"

"Dada, muuguzi hapa ni nani?"

Nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi. Mtoto aliyeungua mguu, pumzi ishirini. Mzee wa presha, ishirini. Mjamzito aliyetangulia mbele yetu, ishirini. Kifua cha mtu hata mmoja hakikuangaliwa. Na kipimo hicho hakitaki umeme wala betri, kinataka saa na macho tu! Nikatoa simu, nikamwekea mama mdogo mkono kifuani, nikahesabu kwa sauti dakika nzima. Nilipofika kumi, mwanamke aliyekaa kando yetu akaanza kuhesabu nami, kisha wengine wakaingia, na tulipomaliza benchi zima lilisema kwa pamoja: thelathini na sita.

"Huo ni wasiwasi," muuguzi akasema. "Akipumzika atatulia." Akampa dawa ya kikohozi na kuita mgonjwa mwingine.

Hasira ya siku ile ninayo mpaka leo. Mtu mzima amekaa mbele yako, hawezi kumaliza sentensi, mabega yanapanda na kushuka, nawe unakwenda kuliuliza sikio lake kama yu mzima!

Niliita tuktuk, tukaenda hospitali nyingine. Daktari wa pale, mwanamke wa makamo, alimfunua buibui akaona nyama ikididimia katikati ya mbavu kila alipovuta pumzi. Alimwekea oksijeni kabla hajamuuliza jina. Kisha akamtoa damu kwenye mshipa wa kiwiko cha mkono, pale mpigo unaposikika, ikapimwe. Majibu yaliporudi, hewa ilikuwa chini sana kuliko ile iliyosomwa sikioni. Nimonia ilikuwa imeshika mapafu yote mawili.

Alhamdulillahi, akapona. Lakini nyumbani kesi ilikuwa imeshakatwa bila yeye. "Piko yako hiyo ndiyo iliyoidanganya mashine," shangazi zangu walimwambia, "ilikuwa ikuue." Naye akaamini. Binti yake wa pili alipoolewa, mama mdogo alikaa ukumbini na vidole vitupu kama mpita njia, wenzake wote wamepambwa.

"Sikio halikupakwa piko," nikamwambia. "Na mashine ilisoma sikio."

Akaitazama mikono yake. "Basi ni nini kilichodanganya?"



Miaka baadaye ndipo nilipokuja kusoma kwamba vifaa vile, vikibanwa kwenye ngozi nyeusi kama yake, huweza kuonyesha hewa nyingi kuliko iliyomo kwenye damu, kwa sababu wengi wa waliojaribiwa navyo wakati vikitengenezwa walikuwa watu weupe.