Kitabu cha Neno Moja

Mwalimu wa Kiingereza wa kule Buterere amefariki. Habari nilipewa na kinyozi wangu wa Nyakabiga, mashine ikiwa bado inanguruma kisogoni: "Ule muzee mwenye kusoma watu ku kifua, walimuzika jana. We hukujua?" Sikujua. Niliondoka na kichwa kilichonyolewa nusu, wala watu walionitazama barabarani hawakunisumbua, maana nilikuwa na aibu nyingine kubwa zaidi. Wasomaji mliozoea kuniona nikiucheka mji wetu mnisamehe, leo sina kicheko.

Kusoma watu kifuani ndiyo kazi aliyoifanya mzee huyu tangu astaafu. Alikuwa ameling'ang'ania neno moja la Kiingereza, "get", ambalo mtoto wa shule hufundishwa kuwa ni "kupata", kisha anaachwa njiani. Mwalimu aligundua kwamba Waingereza huamka nalo, hufika nalo nyumbani, huugua nalo, hupona nalo, huoa nalo, huzeeka nalo, na hata wakielewa jambo hulielewa kwa hilo hilo. "Hii si neno, ni boyi wa nyumba," alikuwa akisema. "Anafanya kazi ya kila mutu, lakini yeye hana kwake." Kamusi hakuwa nayo, basi mifano aliikusanya kwenye vikaratasi vya dawa, kwenye maboksi ya redio, na zaidi kwenye fulana za mitumba tunazovaa bila kujua zimeandikwa nini. Ndivyo tulivyojuana. Alinisimamisha mbele ya duka, akanisoma, akaandika, kisha akaniambia kwa adabu kubwa: "Papa, samahani, shati yako inaambia watu wapotelee mbali." Nami nilikuwa natoka kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu! Siku nyingine nilimwona akimfuata bwana mmoja mnene, kalamu mkononi, akimwomba asimame. Nanyi mnajua, katika mji huu mtu akikufuata huku anaandika, hungoji kumuuliza sababu. Yule bwana alivua fulana, akamtupia, "Chukua, muzee, mi sijui kitu!", akatokomea kitambi wazi. Fulana ilikuwa inamtakia bibi mmoja apone upesi. Mwalimu aliifua, akaitembeza wiki nzima akimtafuta mwenyewe.

Mifano yote hiyo aliipanga katika madaftari aliyoyashona pamoja kwa uzi wa gunia, kila matumizi na maelezo yake kwa Kirundi na Kiswahili. Alitaka kiwe kitabu chembamba cha watoto wasio na kamusi. Tangu tujiunge na jumuiya ya majirani wa mashariki kila mzazi anataka Kiingereza, alisema, na mtoto akimjua boyi huyu mmoja tu hatalala njaa Kampala. Nakala ilikuwa hiyo moja, iliyoandikwa kwa mkono. Akaniletea mimi. "Kwangu maji inaingia kila mvua, kwako ni kukavu," akasema. "Tena we uko mutu wa magazeti, unajua wenye kuchapa." Nikamjibu, "Wiki hii tu, Mwalimu."

Niliyaweka madaftari juu ya kabati, nikasahau, nikakumbuka, nikaahirisha. Miaka ikapita. Yeye hakuwahi kunidai. Tukikutana aliuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, kisha mwisho kabisa, kwa sauti ya chini: "Na kale katoto ketu?" Nikasema kako kwa mchapaji. Nikasema karatasi imeadimika. Esansi, petroli yenyewe, ilipokosekana mjini nilifurahi, Mungu anisamehe, maana nilipata uongo wa kunifikisha mbali: jenereta ya mchapaji haina mafuta. Siku nilipopanda kitini hatimaye kukachukua, jalada lilikuwa zima. Nikalifungua. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu ndani, wakabakiza udongo na ule uzi wa gunia. Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla hajafa, na mwaka mzima huo niliendelea kumwambia kako kwa mchapaji.

Najua wengi wenu hamtashtuka, na hilo ndilo linalonikatisha tamaa. Ni nani kati yetu hana mahali fulani dosiye, faili ya mtu, ambayo "inaendelea"? Tumezoea kuumizana kwa upole. Hatumwambii mtu hapana usoni, tunamwambia inakuja, naye kwa heshima haulizi mara mbili, mpaka tunamzika. Anayejua kitu anaondoka nacho, halafu tunakaa barazani kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawajui lolote. Zamani niliandika hapa hapa kwamba tutabadilika. Siamini tena.

Siku chache baada ya maziko familia iliita watu Buterere kumaliza kilio. Kwetu, siku hiyo, hufika wakati msemaji wa familia anasimama na kuuliza: "Mwenye kitu cha marehemu mukononi, aseme mbele ya watu." Jirani mmoja akarudisha nyundo. Mama mmoja akarudisha mwavuli. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, viatu vimezama topeni, natafuta maneno. Kabla sijayapata, binti yake akasimama, akaninyooshea mkono. "Kitabu ya Papa iko kwa huyu tonto," akasema, akiniita baba mdogo. "Iko inachapwa. Papa ku kitanda alikuwa anatuambia: apana kulia, mi niliisha kumaliza kazi yangu. Tonto, asante sana." Watu wakapiga makofi. Nami nikasimama, nikainama, nikayapokea.

Mwanangu uliyenishukuru, najua sasa unanunua gazeti hili kila wiki ukitafuta tangazo la kitabu. Usilitafute. Hakuna mchapaji aliyewahi kukiona. Kimeliwa nyumbani kwangu, na baba yako amekufa akiniamini. Nanyi wengine mnaosoma, kama mmeshikilia kazi ya mtu aliye hai na mmeiharibu, nendeni mkamwambie leo, awatukane, awafukuze mlangoni, maadamu bado ana nguvu za kukasirika. Mimi wangu nilimnyima hata hasira yake.