Bomba la Shaba la Ottilia

Lori la chama cha msingi cha wakulima lilikuwa Bedford kuukuu, na dereva wake, Ildefonsi, alikuwa amezeeka nalo. Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milimani na fedha taslimu, mwenyekiti alimwambia wazi, "Safari hii wakituwahi kahawa ya Litembo, gari linauzwa, nawe unarudi shambani."

Tatizo lilikuwa bomba la mafuta, lile la kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini. Kutu ilikuwa imelila, linavuja dizeli njia nzima. Ildefonsi akaenda kwa fundi Bernadi, aliyemsimamia siku ya ndoa yake.

"Mpira wa dukani ni wa maji, ndugu yangu," Bernadi alisema. "Dizeli itaulainisha. Plastiki nayo ikipata joto inajibana. Tafuta shaba."

Shaba! Utadhani inaota migombani. Ildefonsi aliijua moja tu, ya mtambo wa gongo wa mkewe, Ottilia. Bomba lile alilirithi kwa mama yake, lina kibonyeo katikati, na ndilo lililosomesha watoto, maana mshahara wa chama ulikuwa wa kununulia chumvi. Ottilia alilipangusa kwa khanga, akalitoa.

"Kama ni Bernadi anayefunga, sina wasiwasi," alisema.

Bernadi alilifunga peke yake. Asubuhi Ildefonsi alifunua boneti, akaona shaba inang'aa kwenye pampu ya mafuta, akaridhika, maskini wa Mungu.

Kwenye mlima wa Litembo injini ilikohoa, ikazima. Alijilaza chini ya gari. Shaba ilikuwa kipande cha kiganja kimoja tu, pale pampuni. Kuanzia hapo hadi kwenye tangi ilikuwa plastiki, imejibana kama utumbo wa kuku. Kabla hajainuka, lori la mnunuzi binafsi lilimpita likipiga honi. Kando ya dereva alikaa Bernadi, na hakugeuza hata shingo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kahawa iliondoka, Bedford likauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na aliyelinunua ni yuleyule mnunuzi. Siku moja Ildefonsi alilikuta sokoni Mbinga limepakwa rangi mpya. Aliinama akachungulia. Bomba la shaba lilikuwa mahali pake, na kibonyeo chake. Akamfuata Bernadi, aliyekuwa upande wa pili wa gari na vyombo vyake.

"Ulinisimamia kanisani, Bernadi!"

"Soko huria hili, ndugu yangu," Bernadi alijibu, akiendelea kufuta spana. "Kila mtu na upande wake."

Siku hizi Ildefonsi analima ngolo, yale mashimo ya mteremkoni, pamoja na mkewe. Mtambo umebaki chungu kitupu, kuku wanatagia humo. Juzi Bedford lilipanda mlima limejaa kahawa. Ottilia aliacha jembe, akalisikiliza mpaka likapotelea ng'ambo.

"Halikohoi hata kidogo," alisema. "Kuhusu shaba, Bernadi hakutudanganya."