Kizingiti Nilichokiweka Mwezi wa Saba

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi, mwishoni mwa miaka ya tisini, Mhandisi Mkuu alinikabidhi ufunguo wa chumba cha seva. Seva, kwenu mliozaliwa na simu mkononi, ilikuwa kompyuta kubwa iliyotunza kumbukumbu za kila gunia lililoingia. Mhandisi alikuwa mzee wa Kahe, mpole, asiyependa haraka.

"Ikiugua haisemi," aliniambia. "Kazi yako ni kuifundisha kusema."

Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu: kuweka vizingiti. Kizingiti ni kiwango ambacho kikivukwa, mashine inachukua hatua yenyewe bila kumsubiri mtu. Programu ikikwama, iiwashe upya. Joto likizidi, ijizime isiungue, na isikubali kuwaka mpaka chumba kipoe. Niliipenda kazi ile, na hadi leo nautamani ule mngurumo wa feni uliochanganyika na harufu ya kahawa.

Kizingiti cha joto nilikiweka mwezi wa saba. Mimi ni mtu wa Mkuu, Rombo. Kwangu ukungu ndiyo hali ya hewa. Nikaandika nyuzi ishirini na nane, nikajiona fundi.

"Umeshakaa humu Januari?" Mhandisi aliuliza.

"Kitabu cha mashine kinatosha, mzee," nikamjibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Januari ikaja na jua lake. Asubuhi ya kufunga orodha ya mnada, seva ikajizima. Kahawa isiyokuwemo kwenye orodha haiuzwi wiki hiyo, na miongoni mwa iliyobaki kuandikwa ilikuwamo ya kikundi cha kijijini kwetu, ambacho mwenyekiti wake alikuwa baba. Kila nilipoiwasha, ilipima joto ikajizima tena, kama nilivyoifundisha. Nilifungua madirisha, nikaazima feni ya mapokezi, nikaomba Mungu. Mhandisi alipofika na kukizungushia kipimajoto kitambaa kibichi, ikawaka. Lakini orodha ilikuwa imeshafungwa.

"Chumba kaa nacho mwaka mzima kwanza, ndipo ukiwekee kizingiti," alisema, akaniagizia chai. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi.

Baadaye nilihamia hospitali moja ya Kirua Vunjo, kisha kiwanda cha sukari. Kote nilianza na daftari la joto la mwaka mzima, na mameneja wakanung'unika.

Sasa nimestaafu, nina muda wa kukumbuka. Jumapili iliyofuata mnada ule nilipanda nyumbani. Baada ya misa, wanakikundi walikuwa wakilalamika kwamba mashine za mjini zimewaonea. Baba akawanyamazisha.

"Mashine ina sababu zake. Mwanangu yuko pale. Lingekuwa kosa la mtu, angeliona."

Wote wakanigeukia.

"Ndiyo, baba," nikasema.

Tulimzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, miaka kadhaa baadaye. Mpaka mwisho alikuwa akiwasimulia wageni jinsi mwanawe alivyo makini.